Maisha ya John Kemp Starley, Fundi wa Baiskeli

Kila mmoja wetu ajua kupanda baiskeli, na wengi twajua hata kuziba pancha. Lakini ukiuliza darasa zima ni nani aliyeiweka baiskeli katika umbo hili tulilolizoea, magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, pedali katikati yake, na cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, yamkini hutapata jibu. Majina ya waliotengeneza garimoshi na eropleni twayakariri kwa ajili ya mitihani. Jina la John Kemp Starley halimo katika vitabu vyetu vya darasani, ingawa ni vigumu kupata kijiji kisichotumia kazi ya mikono yake.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1855 huko Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa mtunza bustani, wala hakuwa na mali ya kumrithisha mwanawe. Lakini kijana huyu alikuwa na baba mdogo aitwaye James Starley, ambaye naye aliwahi kutunza bustani za watu kabla ya kuona kwamba mikono yake yapenda chuma kuliko jembe. James alihamia mji wa Coventry, katikati ya Uingereza, akaingia katika kiwanda cha vyerehani. Coventry ulikuwa mji wa kufuma tepe za hariri na kutengeneza saa. Biashara hizo zilipozorota, mafundi wengi hodari walibaki wakitafuta kazi. Ndipo kile kiwanda cha vyerehani, kuelekea mwaka 1870, kilipoanza kutengeneza baiskeli kwa kufuata mfano wa zile za Ufaransa.

Mwaka 1872, John akiwa bado kijana wa miaka 16, alifunga safari kwenda Coventry akawe mwanafunzi wa huyo baba yake mdogo. Alimkuta yeye na mwenziwe William Hillman wakishughulika na baiskeli iitwayo Ariel, nayo ilikuwa ya namna ambayo sisi leo huiona katika picha na kucheka: gurudumu la mbele kubwa mno, la nyuma dogo kama la kitoroli, na mtu amekaa juu kabisa.

Tusicheke upesi. Gurudumu lile halikufanywa kubwa kwa ajili ya maringo. Pedali zilifungwa katika ekseli ya gurudumu la mbele lenyewe, bila cheni, hata ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu nalo huzunguka mara moja tu. Basi aliyetaka mwendo hakuwa na njia ila kuongeza ukubwa wa gurudumu. Gurudumu la inchi 54 hwenda kama mita 4.3 kwa mzunguko mmoja. Mpaka wake ulikuwa urefu wa mguu wa mpandaji, kwa kuwa ilimpasa kuifikia pedali ikiwa chini. Mtu mrefu alinunua gurudumu kubwa, na mtu mfupi akanunua dogo, akaachwa nyuma njiani hata kama mapafu yake yalikuwa mazuri kuliko ya yule mrefu.

Na ubaya mwingine ulikuwa mahali pa kukaa. Mpandaji alikaa karibu juu ya ekseli ya mbele. Kwa miguu, mahali pale si pabaya, maana alikanyaga moja kwa moja kuelekea chini. Lakini hakuweza kuinama mbele hata kidogo. Jiwe dogo likilizuia gurudumu, mwili wake wote hupinduka juu ya usukani na kichwa hutangulia chini. Wengi waliumia hivyo, na wengine walikufa. Tena gurudumu lile lile la kukanyagwa ndilo lililokuwa la kuongozea njia, hata kila mguu ulipokanyaga kwa nguvu, usukani ulitaka kugeuka, na mikono ikawa na kazi ya kuuzuia. Nguvu iliyokuwa ya kwenda mbele ikapotea katika kupigana na usukani.

Wazee, na wanawake waliovaa marinda marefu ya siku zile, hawakuweza kuupanda mnara huo. Kwa hiyo James Starley aligeukia baiskeli za magurudumu matatu, akafanikiwa sana, hata Malkia Victoria alinunua mbili mwaka 1881. Katika kazi hiyo ndipo James alipobuni, mwaka 1877, mtambo wa kuyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo usio sawa yanapokata kona. Kila dereva wa lori hapa kwetu aujua mtambo wa namna hiyo kwa jina la difu. Lakini magurudumu matatu yalikuwa mazito, na mpandaji wake aliketi kama mtu aliye kitini, miguu imetangulia mbele. Mlimani alipata taabu. Uzito wa mwili wake ulilala juu ya kiti, haukumsaidia kukanyaga. Misuli ya mapaja ilifanya kazi peke yake.

James alifariki mwaka huo huo wa 1881. John alikuwa ameshaachana naye kwa amani miaka michache kabla, akafungua kiwanda chake pamoja na William Sutton, mtu wa Coventry aliyependa sana mchezo wa baiskeli. Nao walianza na magurudumu matatu, na kufika 1883 baiskeli zao ziliitwa Rover, maana yake mtu wa kutembeatembea huku na huku.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomtoa John Starley miongoni mwa mafundi wa kawaida. Wengine walikuwa wakiuliza jinsi ya kulifanya gurudumu kubwa lisimwangushe mtu. Yeye aliuliza kwanza mtu akae wapi, kisha akalijenga chuma kumfuata mtu huyo. Baadaye, mwaka 1898, alialikwa London kusoma hotuba mbele ya chama kimoja kikubwa cha sanaa na ufundi, na katika hotuba hiyo alieleza mambo aliyoyaweka mbele yake alipokuwa akiibuni. Alitaka mpandaji awe mbali na ardhi kwa kadiri inayofaa. Alitaka pedali ziunganishwe na gurudumu kwa namna ya kuwezesha gia kubadilishwa apendavyo mtu. Alitaka kiti kiwe mahali pake hasa kwa kulinganisha na pedali, nacho kiweze kupandishwa na kushushwa, kusogezwa mbele na nyuma. Na usukani uwe mahali ambapo mtu ataweza kukanyaga kwa nguvu nyingi na kuchoka kidogo, nao pia uweze kurekebishwa.

Tuyapime mambo hayo kwa miili yetu wenyewe. Chuchumaa kabisa, kisha jaribu kuinuka kwa mguu mmoja. Wengi watashindwa. Sasa simama na kulikunja goti kidogo tu, kisha uinuke: hata mtoto aweza. Misuli ni ile ile, ila goti likikunjwa sana nguvu yake hupungua. Mtu aliyeshusha kiti chake chini mno huinuka kutoka katika kuchuchumaa kila mara akanyagapo, pengine mara elfu kadhaa kati ya nyumbani na shule. Akikiinua mno, mguu haufiki, na nyonga hucheza upande huu na upande huu. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza walipima jambo hili, wakaona kwamba nguvu hupatikana vizuri zaidi urefu kutoka kiti mpaka pedali iliyo chini kabisa ukiwa kama asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Mwenye mguu wa sentimita 80, basi, aweke kiti chake kama sentimita 87 juu ya pedali. Starley hakuwa na vipimo hivyo, lakini alikuwa ameacha nafasi ya kuvifuata, kwa kuweka nguzo ya kiti iwezayo kufunguliwa kwa spana.

Jambo la usukani halionekani upesi. Wapo wadhanio kwamba usukani ni wa kugeuzia njia tu. Panda kilima bila kushika kitu, utaona. Ukikanyaga kwa nguvu iliyo kubwa kuliko uzito wako, pedali nayo hukusukuma juu, na ungenyanyuka kutoka kitini kama si mikono inayokuvuta chini. Kwa hiyo mikono ni sehemu ya mguu, kwa namna fulani, na usukani ulio mbali mno au karibu mno huiba nguvu ya mguu.

Hayo yote hayakuwezekana maadamu pedali zilikuwa zimefungwa katika gurudumu la mbele, kwa kuwa ekseli ndiyo iliyoamua mtu akae wapi. Dawa yake ilikuwa cheni. Yatupasa kusema kweli kwamba Starley hakuwa wa kwanza kuifikiria. Bwana Harry Lawson alikuwa ametengeneza mwaka 1879 baiskeli yenye cheni ya kwenda nyuma, na watu wakaidhihaki kwa kuiita mamba, kwa urefu wake, haikununuliwa. Hillman naye, yule wa zamani kiwandani kwa James, alitoa iitwayo Kangaroo, yenye cheni mbili katika gurudumu la mbele lililopunguzwa ukubwa. Starley aliazima mawazo kutoka kila upande. Lililo lake ni kuyakusanya yakamtumikia mpandaji.

Hesabu ya cheni ni hii. Chukua gurudumu la inchi 28, meno 44 mbele na 18 nyuma. Zidisha 28 kwa 44, ugawanye kwa 18, utapata 68 na kitu. Maana yake, gurudumu lile dogo lakwenda kama gurudumu la inchi 68 la namna ya zamani, ambalo angeliweza kulipanda mtu mwenye miguu ya twiga tu. Na mtu mfupi na mtu mrefu wakawa sawa kwa gia, kila mmoja kwa kiti chake.

Rover ya magurudumu mawili ilionyeshwa London mapema mwaka 1885. Ile ya kwanza bado ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 36, na usukani wake uliunganishwa na uma kwa vyuma vya pembeni, haikuongozeka vizuri. Mwaka huo huo akaitengeneza upya, uma ukalazwa nyuma ili usukani uushike moja kwa moja, na magurudumu yakakaribia kulingana. Ukiiona picha ya hii ya pili, hutahitaji kuambiwa kuwa ni baiskeli.

Hata hivyo watu hawakuikimbilia. Vijana waliozoea kukaa juu waliona haya kushuka. Waliokuwa wakitazama vichwa vya watu kutoka juu hawakutaka kuonekana wamekaa karibu na vumbi, tena juu ya kitu chenye cheni inayopiga kelele na kukusanya matope. Walisema kwamba gurudumu dogo haliwezi kwenda mbio. Kwa Starley hili halikuwa jambo la kubishania magazetini; kiwanda na mali ya mwenzake vilikuwa vimewekwa humo, na kama baiskeli ile ingebaki dukani, wangefilisika.

Basi, Septemba 1885, wakatayarisha mashindano ya maili 100 katika barabara kuu itokayo London kwenda kaskazini, kila mshindani juu ya Rover. Mshindi alikuwa George Smith. Mtu huyu alikuwa ameshinda mbio za maili 100 mwaka uliotangulia juu ya Kangaroo ya Hillman, kwa saa 7 na dakika 11, nao ukasemwa kuwa mwendo wa ajabu. Juu ya Rover alimaliza kwa saa 7 na dakika 5. Dakika sita si nyingi, lakini ni mtu yule yule, na maili mia zile zile. Kilichobadilika kilikuwa ni chombo, na jinsi mwili ulivyokaa juu yake. Baada ya hapo maagizo yakaanza kuja. Mwaka 1888 daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, John Boyd Dunlop, akabuni tairi la kujazwa upepo, ikawa neno moja lililobaki la kuilaumu baiskeli fupi, yaani kutikisika kwake kwa sababu ya magurudumu madogo, limejibiwa. Miaka michache tu baadaye ile mirefu ilikuwa ikiuzwa kama chuma chakavu. Kwa hiyo mwana alizifuta kazi za baba yake mdogo aliyemfundisha. Sijui kama James angekasirika, maana naye alikuwa mtu wa kubomoa na kujenga upya.

Tangu hapo mafundi wamekuwa wakicheza na mambo yale matatu, kiti, pedali na usukani, na kila kazi ina mpangilio wake. Mpiga mbio huteremsha usukani chini ya kiti na kulaza mgongo. Hafanyi hivyo kwa kuwa miguu yapata nguvu zaidi. Kwa hakika akiinama mno mapaja hugonga kifua na nguvu hupungua. Anakwepa upepo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, upepo hukuzuia mara nne, na nguvu ya kuushinda yatakiwa mara nane. Yeye hutoa nguvu kidogo apate mwendo mwingi.

Mfaransa Charles Mochet aliifikisha hesabu hiyo mwisho wake: alimlaza mpandaji chali, pedali zikiwa mbele yake. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Francis Faure, ambaye hakuwa miongoni mwa wakuu wa mchezo ule, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja juu ya baiskeli hiyo, akaivuka rekodi ya kilomita 44.247 iliyosimama tangu 1914. Mwaka uliofuata wakuu wa mchezo wakaamua kwamba chombo kile si baiskeli ya mashindano. Mimi naona walimwonea Mochet, ingawa yatupasa kukiri kwamba aliyelala chali hawezi kusimama juu ya pedali kilima kikija, na vilima ni vingi duniani kuliko viwanja vya mbio.

Hapa kwetu Uganda, na kwa jirani zetu wa Kenya, baiskeli iliyoenea zamani ni ile nyeusi nzito, ambayo wengine huiita Black Mamba. Usukani wake umeinuka na kurudi nyuma, na mpandaji hukaa wima kama hakimu. Wako vijana wanaodhani huo ni ushamba. Lakini mwenye mkungu wa matoke au magunia ya mkaa nyuma haendi mbio kiasi cha upepo kumsumbua. Adui yake ni uzito, kilima na mashimo ya njia. Kukaa wima kwampa kuona mbele, na kuuweka uzito wa mwili juu ya kiti badala ya vifundo vya mikono. Mlima ukizidi hunyanyuka, akainama mbele na kusimama juu ya pedali moja baada ya nyingine, ili uzito wote wa mwili uwe kazini, na pia gurudumu la mbele lisinyanyuke kwa mzigo ulio nyuma. Vijana wa boda boda, walioanza kazi yao kwa baiskeli mpakani Busia kabla pikipiki hazijawachukulia abiria, waliyajua haya bila kufundishwa na mtu. Hata mtoto mdogo asiyefikia kiti, apitishaye mguu mmoja ndani ya fremu na kuendesha huku mwili umejipinda ubavuni, amekwisha fanya alivyofanya Starley: amezitafuta pedali kwanza, na mwili akauweka panapowezekana.

Jambo linalonishangaza ni kwamba wengi wetu twanunua baiskeli na kukiacha kiti pale pale alipokifunga mwenye duka, mwaka hata mwaka, mpaka nguzo yake inashikana kwa kutu na haitoki tena. Ndugu wawili wenye urefu mbalimbali hutumia baiskeli moja, na mmoja wao huumwa magoti.

Starley alitajirika, lakini hakukaa sana kuufurahia utajiri. Kiwanda kiliitwa J. K. Starley & Co. mwaka 1889, na mwaka 1896 kikawa kampuni ya baiskeli ya Rover. Mwaka 1888 alikuwa amejaribu kutia mtambo wa umeme katika baiskeli ya magurudumu matatu, akaiacha kazi hiyo njiani. Alifariki ghafula tarehe 29 Oktoba 1901, akiwa na umri wa miaka 45 tu. Hakuiona pikipiki ya kampuni yake, wala motokaa yake ya kwanza ya mwaka 1904. Kampuni hiyo baadaye iliacha kabisa kutengeneza baiskeli, na mwaka 1948 ikatoa gari la kupita porini lililopewa jina la Land Rover, ambalo wazee wetu walilijua sana kwa kuwa mabwana shauri walitembelea nalo vijijini. Huko Poland watu hawana neno jingine la kawaida la kuitia baiskeli ila rower, kwa sababu Rover ndizo walizozijua, na aendaye leo kununua baiskeli ya Kichina mjini Warszawa huitaja bado kwa jina lile la Coventry.